Wimbo Niliouzima

Wiki iliyopita, kwenye kantini ya shule, msichana wa meza ya jirani aliwawekea wenzake wimbo kwenye simu yake. Kabla sijajua ni wimbo gani, kidole gumba changu cha kulia kilikuwa kimeshabonyeza meza. Kilibonyeza kwa nguvu, kama mtu anayeua mdudu. Ulikuwa umetoka mlio mmoja tu wa gitaa. Mlio huo naujua vizuri kabisa. Kinachofuata baada yake sikuwa nimewahi kukisikia maishani mwangu.

Safari hii rimoti sikuwa nayo. Wimbo ukaendelea: sauti ya msichana mpole, piano nyuma yake, kikengele kidogo kama cha baiskeli. Nikakaa na mkate wangu mkononi nikausikiliza wote, dakika moja na nusu. Yule msichana akawasomea wenzake tafsiri ya maneno, wakacheka, maana wimbo mzima unahusu nguo zilizoanikwa ambazo hazikukauka, na kipikwe nini kesho. Basi, hakuna kingine. Nikaenda chooni, nikajifungia, nikalia kwa hasira mpaka kengele ikalia. Mimi ni mtu ambaye basi likinipitisha kituo naona haya kumwambia dereva, nashuka kinachofuata nikarudi kwa miguu. Lakini siku ile ningemkuta mle chooni mkubwa wangu yeyote, ningeng'oa sinki nikamrushia.

Nyumbani niliandika kwenye daftari langu kurasa nne, nikazichana kwa kuwa zilikuwa matusi matupu. Hizi ni za pili. Nawaandikia nyinyi wenye umri wangu, kwa sababu wakubwa wakisoma watasema kila mtu alikuwa na sababu zake. Najua walikuwa nazo. Nimezisikia zote.

Tulifika London mimi na Mama nilipokuwa na miaka kumi, tukafikia kwa watu waliofika zamani. Sisi ni Wahindi wa Mombasa, Washia wa Ithnaasheri, na jamaa zetu walikuja huku kwa mafungu. Fua, yaani mume wa shangazi yangu, alifukuzwa Kampala pamoja na wazazi wake akiwa kijana. Walitua na sanduku moja wakalazwa kwenye mabanda ya kambi ya jeshi. Fui, shangazi mwenyewe, dada mkubwa wa Baba, aliletwa kutoka Mombasa kuja kuolewa naye. Sisi tulikuwa fungu la mwisho kabisa, la watu waliochelewa. Mama alikuwa na ile pasipoti ya Kiingereza waliyobaki nayo wengi wetu baada ya uhuru, yenye nembo ya Malkia na kila kitu, isipokuwa ruhusa ya kuingia Uingereza. Sheria ilipobadilishwa akapata haki ya kuja, nami nikaja naye. Baba alikuwa na pasipoti ya Kenya, kwa hiyo ilibidi abaki nyuma apeleke fomu, angoje viza.

"Miezi mitatu," alituambia uwanja wa ndege. "Ikizidi sana, minne."

Siku tuliyofika Harrow, Fua alitupokea mlangoni, akatuvua makoti kwa upole kabisa, na papo hapo akaanza.

"Mlikuwa mnangoja nini miaka yote hiyo? Malkia awaletee gari mpaka mlangoni?"

"Tulikuwa tunakungoja wewe, shemeji," Mama akamjibu, "utangulie ututandikie zulia."

Fua akacheka mpaka akakohoa. Mama alikuwa mcheshi siku zile. Naandika hilo kwa sababu ninyi mkimwona leo hamtaamini.

Nyumba yao ilikuwa moja ya zile nyumba mbili zilizogawana ukuta, na treni za Metropolitan zikipita nyuma ya bustani vikombe vilitikisika kidogo kabatini. Sisi tulipewa chumba kidogo cha juu ya mlango wa mbele, kitanda kimoja na cherehani. Mama alikuwa akipunguza nguo za watu, mapindo ya suruali, mikono ya makoti, na akiinuka kwenye cherehani anashuka jikoni kupika chakula cha watu watano, kwa sababu unapokaa kwa wifi yako huwezi kuteremka ukakuta anakatakata vitunguu peke yake. Fui hakuwa mtu mbaya. Alinikatia nyama za sehemu nzuri. Aliniambia "mwanangu". Nitarudi kwa Fui.

Binti yao Zehra alikuwa na miaka kumi na minne. Alikielewa Kiswahili chote, hata cha kusengenya, lakini alijibu kwa Kiingereza siku zote, na mimi Kiingereza changu kilikuwa cha vitabuni, kikitoka mdomoni kinaona haya. Kwa hiyo tuliongea kidogo. Tulichofanya pamoja ni kutazama katuni za Kijapani alizokuwa akiazima maktaba. Si zile za kupigana na maroboti. Zehra alipenda za aina nyingine, ambazo ndani yake hakutokei kitu. Ile yetu ilikuwa ya dada watatu wanaoishi na bibi yao kwenye mji mdogo wenye kituo cha reli. Wanapika wali. Wanaosha madirisha. Kipindi kimoja kizima wanatafuta mwavuli. Baba yao anafanya kazi mbali, hajulikani wapi, wala haonekani, anatajwa tu, na mimi nilishikilia hapo.

Kila kipindi kilikuwa na wimbo wa kufungulia na wimbo wa kufungia. Waliotia sauti za Kiingereza waliziacha nyimbo kama zilivyo, kwa Kijapani, bila maandishi ya chini. Juma la kwanza sikuzisikiliza, nakiri. Masikio yangu yalikuwa yamechoka na Kiingereza cha shule, na nyimbo zikianza niliona ni nafasi ya kwenda chooni au kumchungulia Mama. Nilijua zitakuwepo kesho. Halafu Muharram ikaingia.

Kwa asiyejua: kwetu, mwezi huo na unaofuata, miezi miwili na siku nane, ni wakati wa kumwombolezea mjukuu wa Mtume aliyeuawa. Tunavaa nyeusi, hakuna harusi, hakuna vifijo, jioni tunakwenda imambara, ukumbi wetu wa maombolezo, kusikiliza majlisi na kulia. Na hakuna muziki. Msije mkafikiri hasira yangu ni hiyo. Miezi ile naipenda mpaka leo. Ndiyo miezi pekee ambayo mtu mwenye haya kama mimi anaweza kulia mbele za watu na asiulizwe kitu. Siku kumi za kwanza Fui aliifunika televisheni kwa kitambaa cheusi. Siku ya kumi na moja akakiondoa, akakikunja, akasema tunaweza kutazama vipindi, lakini nyimbo hapana.

"Kila katuni ina nyimbo," Zehra akasema.

"Basi zizimeni. Kuna kitufe."

"Mama, huwezi kuzima wimbo katikati ya—"

"Si wewe nitakayekuachia. Wewe utajifanya umesahau." Akachukua rimoti akanitia mimi mkononi. "Huyu ndiye mlinzi. Na sikiliza, mwanangu. Anayeunyima moyo wake kitu anachokipenda miezi hii, dua yake hairudi bure."

Alisema vile jinsi watu wakubwa wanavyosema, huku tayari anatazama saa na kutafuta ufunguo wa gari. Mimi nilisimama pale na rimoti, nikaona nimekabidhiwa funguo za viza.

Mnacheka. Lakini hebu fikirini. Nilikuwa na dua moja tu, na mpaka siku ile sikuwa na kitu chochote cha kuitolea. Sasa kimepatikana. Kila kipindi, mara mbili, nitaziba wimbo, na kila nikiziba Baba atasogea. Nikaanza kuzipenda nyimbo zile siku ileile nilipokatazwa, na nilizipenda makusudi, kwa bidii, maana kuunyima moyo kitu usichokitaka hakuna thawabu. Nilijifunza mpaka nikajua hasa lini kubonyeza. Wimbo wa kufungia ulianza baada ya skrini kuwa nyeusi kitambo kidogo. Mlio mmoja wa gitaa ulikuwa unaniponyoka kila mara, sikuweza kuuwahi. Huo mmoja nikaomba Mungu anisamehe.

Kisha kimya, na picha. Dada mdogo anatembea kwenda nyumbani jioni na mfuko wenye vitunguu vya majani vinavyochungulia. Paka amelala ukutani. Majina yanapanda kwa maandishi nisiyoyajua. Halafu madirisha ya mtaa yanawaka taa moja baada ya moja, na kwenye dirisha la mwisho kinapita kivuli cha mtu mzima. Kwa kuwa sauti haikuwepo, nikaamua mwenyewe wimbo unasema nini. Unasema baba yao yuko njiani. Kivuli kile ni yeye, amefika mapema, anavua koti. Nilikuwa na hakika kabisa. Kumbe walikuwa wanaimba habari za soksi mbichi.

Na katika kimya kile nilikuwa nasikia nyumba. Sufuria ya presha ikipuliza. Mabomba ya joto yakigonga. Cherehani ya Mama juu ya kichwa changu, inakwenda, inasimama, inakwenda. Nilijua mshono mrefu na mfupi kwa kusikia tu.

Usiku, tukiwa kitandani, nikamwambia Mama. Sikumwambia yote. Nilimwambia tu kwamba nimeweka nadhiri: sitasikiliza nyimbo zile hata Muharram ikiisha, hata kila mtu akirudi kusikiliza, mpaka Baba afike. Mama alijigeuza upande. Nilidhani amelala. Halafu akasema, "Ni nadhiri nzuri." Akanifunika bega.

Ninaliandika neno hilo tena ili nilitazame vizuri. Nzuri.

Maombolezo yakaisha. Fui akatoka amevaa gauni la rangi ya waridi, kila mtu akampongeza, Zehra akajirusha kwenye kochi akasema sasa tutazame kama binadamu. Mlio wa gitaa ukatoka, nami nikazima.

Zehra akanigeukia. "Unafanya nini? Imeisha."

"Najua."

"Basi washa."

Nikatikisa kichwa. Sikuweza kumweleza, Kiingereza cha nadhiri nilikuwa sina, na kwa Kiswahili niliona haya. Akaja kuninyang'anya rimoti, nikaikalia. Akanivuta nywele. Mimi, ambaye sijawahi kumgusa mtu, nilimng'ata mkono. Akapiga ukelele, akaonyesha alama za meno kwa baba yake.

"Mwenyewe umetaka kuzaliwa peke yako," Fua akamwambia, macho kwenye gazeti. "Sasa umepata ndugu. Ndugu hung'ata."

Baada ya hapo Zehra alikuwa akivaa spika za masikioni nyimbo zikianza na kusikiliza mambo yake, kunionyesha kuwa hajali. Tukapatana hivyo. Mwezi wa tatu ukapita, wa nne, wa tano. Kila Jumapili Baba alipiga simu, na kila Jumapili ubalozi ulikuwa unataka karatasi nyingine. Nilianza kuwa na wasiwasi na ule mlio mmoja wa gitaa. Niliona huenda ndio unaomzuia. Nikajaribu kuuwahi, nikawa nabonyeza mapema mno na kukata maneno ya mwisho ya bibi, na Zehra akinirushia mto.

Siku moja Zehra alikuwa amebaki shule kwa mazoezi, nikatazama peke yangu. Simu ya nyumba ilikuwa kwenye ujia, chini ya ngazi, na Fui alikuwa na desturi ya kupiga zake saa ile ya katuni, kwa zile kadi za kukwangua. Ukiwa sebuleni na televisheni inaongea husikii kitu isipokuwa mvumo wa sauti yake. Kipindi kikaisha. Skrini ikawa nyeusi, gitaa likalia mara moja, nikazima.

Naye Fui akaendelea, nusu Kikachi, lugha ya wazee wetu, nusu Kiswahili, kama tunavyozungumza sote.

"...usiniambie habari za ubalozi mimi. Fomu hukupeleka. Hukupeleka tangu siku ya kwanza, mimi si mtoto." Akasikiliza kidogo. "Haya, keshajifungua? Mashallah. Mashallah. Na mama yake mzima? ... Alhamdulillahi. Kafanana na nani?" Akacheka, kicheko cha kweli kabisa, cha furaha. "Pua ya kwetu! Masikini, kaanza na balaa."

Dada mdogo alikuwa anatembea na vitunguu vyake. Nilidhani kuna jamaa amezaa. Tuna jamaa wengi. Nilikuwa nangoja kusikia ni nani ili nikamwambie Mama.

"Lakini sikiliza, ndugu yangu. Umeoa, umeoa, hilo umeshalifanya. Sasa unaye mtoto huko. Hawa wawili wako huku umeniwekea nyumbani kwangu kama mizigo ya stesheni, na kila Jumapili mimi nakaa hapo nakusikiliza unavyosema uongo, na mimi naitikia. Utasema lini?"

Madirisha yakaanza kuwaka, la kwanza, la pili, la tatu. Kivuli kikapita kwenye lile la mwisho.

Sijui nilikaa muda gani. Kipindi kingine kilijianzisha chenyewe, wimbo wa kufungulia ukapita, dada wanapiga mswaki, na sikumbuki kama nilibonyeza. Nadhani nilibonyeza. Fui alikata simu, akaenda jikoni, akafungua bomba. Nikapanda ngazi.

Mama alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni, suruali ya mtu imelala mapajani mwake.

"Mama, Baba ana mtoto."

Cherehani ikasimama. Akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kimto chake, zote, bila haraka. Kisha akaniuliza, "Nani kakwambia?"

Hakusema mtoto gani. Hakusema unasema nini wewe. Nani kakwambia. Na mimi nilikuwa na miaka kumi tu, nilikuwa mjinga wa mambo mengi, lakini hilo nililielewa lote kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa ndoo.

"Umejua lini?" nikamwuliza.

"Baadaye. Tulipokwisha kufika."

"Kabla ya nadhiri yangu, au baada?"

Akaitazama ile suruali.

"Mama. Kabla au baada?"

"Kabla."

"Kwa nini hukuniambia niache?"

"Ulikuwa na kitu cha kushika," akasema. "Mimi sikuwa nacho. Nilikuona pale chini na rimoti yako, nikasema angalau yeye anacho."

Nyinyi mtasema ni jibu zuri. Watu wote niliowahi kuwahadithia, ambao ni wawili, wamesema ni jibu zuri. Mimi nilitaka kumng'ata kama nilivyomng'ata Zehra. Kwamba Baba alioa, hayo ni yake na Mungu wake, sheria inamruhusu, ingawa hakumpa mtu nafasi ya kumwuliza. Kinachonichemsha ni kwamba ndani ya nyumba ile mtoto alikuwa kila siku anatoa kitu chake kununua kitu ambacho wote wanajua hakiuzwi, na wakapita na vikombe vyao vya chai, wakaniangalia natoa.

Mama akanishika mikono yote miwili. "Sasa nisikilize. Fui asijue kwamba unajua. Nyumba ni yake na yule ni ndugu yake. Akiona mambo yameharibika atatuona sisi ndio tulioyaharibu. Nimepeleka jina letu kaunseli, halmashauri ya hapa, wakitupa nyumba tutaondoka kwa heshima. Mpaka hapo, Jumapili Baba akipiga, zungumza naye kama kawaida. Unaweza?"

Nikasema naweza. Nilisema kwa sababu nilikuwa mtoto wa kusema naweza. Kisha nikashuka kula, nikala karibu na Fui, akanichagulia nyama, akaniita mwanangu, na nikamshukuru. Siku nne nilifanya hivyo. Naona haya zaidi kwa siku zile nne kuliko jambo lolote nililowahi kufanya.

Jumapili simu ililetwa sebuleni baada ya chakula, ikawekwa kwenye spika katikati ya meza kama kawaida. Fui akasalimia. Fua akatania. Mama akasema wazima wote, chakula kimeliwa, baridi imepungua. Halafu zamu yangu. Mimi kwa simu nilikuwa nanong'ona siku zote, na Fua alikuwa na mzaha wake wa siku zote. "Paza sauti, binti. Baba yako yuko Mombasa, hayuko chini ya meza."

"Hujambo, mama'ngu?" Baba akasema. Sauti yake ilikuwa ileile. Nilikuwa nimetegemea itakuwa imebadilika.

"Sijambo."

"Shule?"

"Nzuri."

"Mimi bado nahangaika na hawa watu wa viza, mwanangu. Leo wanataka hiki, kesho wanataka kile. Lakini karibu, inshallah. Wewe niombee tu."

Ni hilo la mwisho. Angesema kitu kingine chochote nadhani ningefika mwisho wa simu ile salama, na tungeondoka kwa heshima, na Mama angepata alichokitaka. Lakini aliniambia nimwombee.

"Mtoto mmempa jina gani?" nikamwuliza.

Sikunong'ona. Feni ilikuwa inazunguka upande wake, niliisikia. Upande wetu Zehra peke yake ndiye aliyekuwa hajui, akatutazama mmoja mmoja akauliza, "Mtoto gani?" Fui alikuwa ameganda na kikombe hewani. Mama alikuwa anatazama mikono yake. Nilidhani Baba atakata simu. Nilidhani atasema uongo, na nilikuwa tayari kwa uongo, nilikuwa nimeupangia maneno.

Akanitajia. Alilitaja jina lote, na la babu nyuma yake, polepole, kama mtu aliyechoka kungoja kuulizwa. Alikuwa na furaha. Hakuweza kuificha, hata kwangu.

Nikalirudia kwa sauti, ili lisikike sebule nzima. Kisha nikampa Mama nafasi yangu kwenye kochi, nikatoka nje bustanini bila viatu, nikasimama pale mpaka treni mbili zikapita.

Humo ndani walipigana maneno mpaka magharibi. Niliyoyashika ni haya. Fui alisema, "Mwanao hana adabu." Mama akamjibu, "Hana. Ana masikio." Ule ndio mzaha wa mwisho niliousikia kutoka kwake kwa muda mrefu sana, na sina hakika ulikuwa mzaha.

Wiki tatu baadaye tukatoka, kwanza chumba kimoja cha muda, kisha fleti ya Thamesmead, upande wa pili wa London, ghorofa ya nne, ambapo ukuta ulitoa maji na majirani walituletea mchuzi. Fua ndiye aliyetupeleka kwa gari. Njia nzima hakutania. Tulipokuwa tunashusha cherehani aliniambia, bila kunitazama, "Sisi kambini walituambia siku ya kwanza kabisa: huko mlikotoka kumekwisha. Watu walilia siku mbili, ya tatu wakatafuta kazi." Akaweka cherehani chini. "Nilipaswa kukwambia. Nilikuwa naona nyumbani kwangu kuna amani."

Ndiye pekee aliyewahi kukiri. Fui bado hutuma vyakula siku za Iddi. Mama hakunilaumu hata mara moja kwa simu ile, wala hajawahi kuniambia nilifanya vizuri, na nikimgusia huchukua nguo ya mtu akaanza kufumua pindo. Nampenda. Hasira haijaisha. Nimejaribu kuzitenganisha hizo mbili kwenye daftari, kurasa huku na kurasa kule, nikashindwa.

Baba hupiga simu, si kila Jumapili. Ananihadithia habari za mwanawe, kwamba ameanza shule, kwamba ni mkaidi, kwamba ana pua yetu. Ana miaka saba sasa. Jina lake nalijua, nililiuliza mwenyewe. Mwaka jana niliomba nizungumze naye kidogo, Baba akasema, kwa upole, tungoje kwanza, mtoto mdogo yule, bado hawajamwambia kwamba nipo.